Kutoa Si Kutupa



Juma moja baada ya Idi el-Fitri iliyopita, alifika katika ofisi ya msikiti wetu mama mmoja mtu mzima, mjane, akiwa amebeba furushi. Tulilitambua mara moja, kwa kuwa sisi wenyewe ndio tuliompelekea siku mbili kabla ya sikukuu, likiwa ni fungu lake katika nguo tulizokusanya kwa ajili ya wenye uhitaji. Alilifungua juu ya meza. Zilikuwemo suruali mbili za kiume zenye zipu mbovu, gauni lililochanika kwapani, shati la mtoto lisilo na kifungo hata kimoja, na soksi moja. Zote zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa vizuri. "Nimewafulia, wanangu," alisema, "huenda mkapata wa kuzivaa." Kisha akaaga, akaenda zake.

Hakulalamika. Laiti angelalamika, tungepata la kujibu; tungesema kwamba sisi ni wapokeaji tu, na kwamba tunagawa kile tunacholetewa. Lakini mama yule alikuwa amenunua sabuni, akateka maji, akafua nguo zisizomfaa, ili aturudishie zikiwa katika hali bora kuliko tulivyompa. Tulibaki tunatazamana.

Jioni ile, baada ya swala ya Isha, tulifungua stoo na kumwaga chini kila gunia. Yalikuwa magunia kumi na tisa. Tulipomaliza kuchambua, nguo ambazo yeyote kati yetu angekubali kumvisha mama yake mzazi zilijaa magunia matano. Kumi na manne yaliyobaki yalikuwa matambara yaliyopewa jina la sadaka. Na hapa inatulazimu tukiri jambo. Miaka iliyotangulia, magunia ya namna hiyo tulikuwa tukiyachoma moto nyuma ya msikiti. Nguo nyingi za siku hizi haziungui kama pamba. Zinayeyuka, zinadondosha matone meusi, na moshi wake unakaba koo. Dirisha la darasa la madrasa linatazama upande ule ule.

Tulimwuliza kijana mmoja wa kamati yetu, ambaye riziki yake ni kuuza mitumba, kwamba watu wa biashara yake hufanya nini na nguo zisizouzika. Akacheka, akasema stoo yetu imekuwa kama belo. Mnunuzi hulipa kwanza, ndipo hulifungua. Ndani yake huweza kutoka nguo safi za kurudisha mtaji, na huweza kutoka vitu ambavyo hata kwa bei ya kutupa hapati wa kuvichukua. Aliyezifunga nguo zile ng'ambo alikwisha kujitua mzigo. Tatizo limehamia kwa mtu wa mwisho. "Na nyinyi mmemfanya yule mama kuwa mtu wa mwisho," alituambia. Maneno makali, lakini yalikuwa ya kweli.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba kabla jina la mitumba halijazoeleka, nguo hizi ziliitwa kafa Ulaya. Haikuingia akilini kwamba mtu aliye hai angeweza kuachana na nguo nzima kwa wingi ule. Bila shaka mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Huko Ghana, upande wa pili wa bara letu, wasemaji wa Kiakan walifikiri vivyo hivyo, wakaziita obroni wawu, yaani nguo za mzungu aliyekufa. Watu wasiojuana, wenye lugha mbili tofauti, walishangaa mshangao mmoja. Leo sote tunajua kwamba mwenye nguo hakufa. Amenunua nyingine.

Tumeitaja Ghana kwa sababu huko kuna watu waliolishika jambo hili kwa mikono miwili, na tumejifunza mengi kutokana na kazi yao. Soko kubwa la mitumba la nchi hiyo linaitwa Kantamanto, nalo limo katikati ya jiji la Accra. Taasisi isiyotafuta faida iitwayo The Or Foundation, iliyoanzishwa mwaka 2011, inafanya kazi pamoja na watu wa soko hilo. Taasisi hiyo inakadiria kwamba nguo zipatazo milioni 15 huingia Kantamanto kila juma, na kwamba asilimia 40 hivi ya zilizomo katika belo huishia kuwa taka. Wafanyabiashara wa mitumba wa nchi hiyo wanalipinga kadirio hilo, wakisema kwamba taka ni kidogo sana kuliko hivyo. Sisi hatukusudii kuwaamulia. Lakini kinachoonekana ufukweni hakihitaji hesabu: nguo zilizosukumwa na mvua katika mitaro hadi baharini, zikajisokota kama kamba nene, nusu zimefukiwa na mchanga, nusu zinachezewa na mawimbi. Wavuvi wa Accra huvuta nyavu zao na kukuta nguo mahali pa samaki.

Lililotugusa zaidi ni namna wanavyofanya kazi. Watu wa taasisi hiyo hushuka ufukweni mara kwa mara kuziondoa nguo hizo na kuziwekea kumbukumbu, ili ijulikane zilitengenezwa na nani. Hufanya kazi bega kwa bega na mafundi cherehani wa sokoni, ambao kwa hakika ndio waokoaji wa kwanza wa nguo. Kwani Kantamanto ni mahali ambapo nguo hupunguzwa, huungwa, hutiwa rangi upya, hupigwa pasi na kurudi mwilini mwa mtu. Aidha, wanawatazama wale ambao wengi huwapita bila kuwaona, nao ni mabinti wapagazi waitwao kayayei. Belo moja huwa na uzito wa kilo 55 hivi, na mabinti hao hulibeba kichwani katika vichochoro vyembamba vya soko, kwa ujira mdogo, mpaka shingo na uti wa mgongo vinaharibika. Wengi wao wametoka kaskazini mwa Ghana, ambako Waislamu ni wengi, wakiwa wamekuja mjini kutafuta riziki. Taasisi imeanzisha mpango wa kuwafundisha kazi nyingine ili waweze kuutua mzigo ule moja kwa moja.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Januari 2025, moto uliteketeza sehemu kubwa ya Kantamanto. Wasomaji wetu wa Dar es Salaam wanaokumbuka moto wa Soko la Karume wa Januari 2022 hawahitaji kusimuliwa hali ya mtu anayesimama asubuhi mbele ya jivu la mtaji wake. The Or Foundation ilikuwa miongoni mwa waliojitokeza kuwasaidia wafanyabiashara wasimame tena. Hili nalo ni funzo. Watu hao wanapigana na taka. Hawapigani na muuza mitumba. Yeye ni maskini anayetafuta halali yake, na familia nyingi miongoni mwetu zimesomesha watoto kwa kazi hiyo.

Hatusemi kwamba taasisi hiyo haina wa kuihoji. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba itapokea dola milioni 15 katika muda wa miaka mitatu kutoka kampuni ya Shein, ambayo inafahamika kwa kuuza nguo nyingi mno kwa bei ndogo mno. Wapo waliouliza: je, hiyo si njia ya kampuni kujisafisha jina? Swali ni la haki. Jibu la taasisi ni kwamba anayetengeneza nguo ndiye anayepaswa kulipia mwisho wake. Ufaransa ilikwisha kuliweka jambo hilo katika sheria mwaka 2007, ikamtaka anayeingiza nguo sokoni achangie gharama za kuzikusanya na kuzichambua zikichakaa. Ama sisi wa Afrika Mashariki, mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi zetu walikubaliana mjini Arusha kuziondoa nguo za mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za kibiashara, na nchi karibu zote zikarudi nyuma. Rwanda iliyobaki na msimamo wake ilisimamishiwa nafuu ya kuuza nguo huko mwaka 2018. Mambo haya makubwa yana watu wake, nasi tunawaombea wayaamue kwa uadilifu. Lakini magunia yetu kumi na manne hayakutoka ng'ambo. Yalitoka makabatini mwetu.

Hivyo basi, swali linalotuhusu ni moja: ninapoitoa nguo hii, ni nani atakayeubeba mwisho wake? Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 267, inatukataza tusikusudie kutoa kilicho kibaya, kile ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Tumeisoma aya hiyo mara nyingi tukifikiria nafaka na tende za watu wa kale. Siku ile tuliisoma tukiwa tumesimama juu ya rundo la nguo stooni. Na sote tumefundishwa tangu madrasa kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiishona nguo yake kwa mkono wake. Ikiwa yeye hakuona haya kushika sindano, sisi tunaona haya ya nini?

Mama zetu waliyajua haya bila kuandikiwa. Doti ya khanga ikiwa mpya ilikuwa ya kutokea. Ikipauka kidogo, ikawa ya nyumbani. Ikilainika, ikawa mbeleko, kisha winda la mtoto mchanga, kisha tambara la kuepulia sufuria, na mwisho wake ikafutia sakafu mpaka ikaisha. Haikuwahi kuwa taka. Sababu yake ni kwamba ilikuwa ya pamba, na pia kwamba ilinunuliwa kwa kuhitajika. Leo tunashona sare kwa kila harusi, vitambaa vingine vikinunuliwa kwa mkopo, na sare ile huvaliwa mara moja tu, kwa kuwa picha zimekwisha kuonekana. Vitambaa vingi vya namna hiyo hutokana na mafuta ya petroli, wala havinyonyi maji hata vikifanywa tambara. Na hata pamba si jambo jepesi: inakadiriwa kwamba fulana moja hutumia lita 2,700 za maji tangu shambani hadi dukani. Mtu anayekunywa lita tatu kwa siku angeyanywa maji hayo kwa miaka miwili na ushei.

Baada ya tukio lile, tulikwenda nyumbani kwa yule mama kumwomba radhi. Alitukaribisha kwa kahawa, akasamehe kabla hatujamaliza kusema. Tulipomweleza kwamba tunataka kubadili utaratibu, aliuliza swali moja: "Mnao watu wa kuzitazama nguo kabla hazijatoka?" Hatukuwa nao. Sasa tunao, naye ni wa kwanza wao. Kila Jumamosi baada ya Adhuhuri, yeye na akina mama wengine watatu huketi kwenye meza ndefu ya madrasa, na hakuna nguo inayotoka bila kupita mikononi mwao.

Utaratibu wetu ni mwepesi, na msikiti wowote unaweza kuufuata. Nguo nzima hukunjwa, huandikwa kipimo, na hupelekwa kwa mtu aliyekwisha kuulizwa anahitaji nini. Yenye ila ndogo huenda kwa fundi cherehani jirani, ambaye ametutolea saa mbili za kila juma, na vijana wa kike na wa kiume wa madrasa hujifunza kwake kutia kifungo na kubadili zipu. Za pamba zilizochakaa hukatwa matambara. Mengine hubaki kwa usafi wa msikiti, mengine hununuliwa na mafundi wa gereji, na fedha yake hununulia nyuzi. Zisizonyonya maji hukatwakatwa na kujazwa katika mito ya kukalia wanafunzi. Baada ya yote hayo, lilibaki gunia moja na nusu lisilo na kazi yoyote. Hatukulichoma. Tumeliweka mlangoni mwa stoo, ili kila anayeleta nguo alione kabla hajafungua mfuko wake.

Ndugu wasomaji, sikukuu nyingine haiko mbali, na makabati yataanza kufunguliwa. Tunawasihi jambo dogo. Kabla ya kuitia nguo katika mfuko wa sadaka, ifue, iinue kwenye mwanga, kagua vifungo na mishono yake, kisha ujiulize kama ungeridhika kumwona mama yako ameivaa siku ya Idi. Ukiridhika, itoe. Usiporidhika, ishone kwanza. Isiposhonika, ikate tambara nyumbani kwako, usimtwishe mwenzio. Na kabla ya kununua nyingine, hesabu ulizonazo. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Moyo huo huonekana hata kwenye kifungo.

Allah atukubalie sadaka zetu, na atusamehe zile tulizozitoa huku tukijua kwamba hazivaliki. Wabillahi tawfiq.