Kobe Hakui kwa Kipimo cha Bakuli

Katika maduka ya ufukweni na vibanda vya barabarani huko Marekani, mzazi akiuliza kobe mchanga atafikia ukubwa gani, jibu huwa lile lile: "Usijali, huyu hukua kulingana na chombo chake." Maneno haya yamerudiwa hadi wafugaji wenyewe wanaambiana, na familia zetu zilizohamia huko zimeyapokea bila kuhoji. Ni uongo, na kila siku kuna kobe wanaokufa kwa sababu yake.

Anayeuzwa kwa wingi ni kobe wa majini mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, mwenyeji wa bonde la mto Mississippi, ambaye wataalamu humwita Trachemys scripta elegans. Akianguliwa, gamba lake huwa na urefu wa sentimita 3 hivi. Jike akikomaa hufika sentimita 25 hata 30, na akitunzwa vizuri huishi miaka 20, 30 au zaidi. Bakuli halina uwezo wa kumwamrisha mnyama abaki mdogo. Anayedumaa ndani ya bakuli ni mgonjwa.

Mchukue mkononi kobe aliyekaa miezi katika kile chombo cha plastiki chenye kisiwa na mnazi wa bandia katikati. Bonyeza taratibu ukingo wa gamba kwa kidole gumba, utaona unabonyea. Gamba limelainika kwa kukosa kalsiamu na vitamini D, na mara nyingi limeanza kupinda. Tazama macho: yamevimba, yamefumba, kwa sababu amelishwa vijikamba vikavu peke yake na vitamini A imemwishia. Mrudishe majini, naye anaelea ameegemea upande mmoja, dalili ambayo mara nyingi ni ya nimonia. Mwenye nyumba anasema kobe wake ni mpole, hasumbui. Hana nguvu za kusumbua.

Uongo huu una ndugu yake: kwamba kobe mchanga awekewe maji ya vidole viwili tu asije akazama. Huyu ni mwogeleaji tangu siku aliyotoka yaini. Hatari iko kwenye maji haba yenye kokoto, kwa maana akipinduka chali hapati kina cha kujigeuzia, na pua ikibaki chini ya maji anaweza kufa. Kina kizidi upana wa gamba lake, tena kizidi sana, na pawepo gogo au mmea wa kushikilia akichoka.

Wafugaji wazoefu hukadiria lita 38 hivi za maji kwa kila sentimita 2.5 za gamba. Piga hesabu kwa jike mzima uone: lita 380 hadi 456, yaani maji peke yake yana kilo 400 hivi. Meza ya sebuleni haibebi hiyo. Mchanga anaweza kuanza na lita 75, lakini mimi nashauri anunuliwe tangi kubwa tangu mwanzo, kwa sababu maji mengi hupunguza makali ya uchafu. Kobe hula majini na kunya majini, na kinyesi hicho huzaa amonia inayomchoma macho na ngozi hata maji yakionekana meupe kabisa. Ndiyo maana chujio linunuliwe la tangi kubwa mara mbili au tatu ya ulilo nalo, na bakteria wanaokula amonia wapewe wiki kadhaa wajijenge humo. Ukilisafisha lote kwa maji ya bomba yenye klorini, unawaua na kuanza upya.

Kuhusu mwanga, watu humweka dirishani wakidhani wamemaliza kazi. Kioo cha dirisha huzuia karibu miale yote ya UVB, ambayo bila hiyo mwili wake hautengenezi vitamini D. Jua hilo likichemsha bakuli dogo, kobe anapikika ndani yake. Anahitaji sehemu kavu ya kupandia yenye joto la nyuzi 32 hadi 35, maji ya nyuzi 25 hadi 27, taa ya joto na taa ya UVB. Hii ya pili hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, maana huendelea kuwaka hata miale yake ikishakwisha.

Kama kweli kobe hawa wangebaki wadogo, maziwa ya Ulaya yasingejaa makobe wakubwa kama sahani, waliotupwa na watu waliowanunua wakiwa wachanga. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuwaingiza mwaka 1997, na Japani ikazuia kuwauza na kuwaachia porini mwaka 2023. Marekani yenyewe, tangu 1975, inakataza kuuza kobe mwenye gamba lililo chini ya inchi 4, sawa na sentimita 10, kwa sababu watoto waliokuwa wakiwatia mdomoni waliambukizwa bakteria wa salmonela. Anayekuuzia kichanga barabarani amekwisha kuivunja sheria hiyo. Kwa nini basi uamini anachokuambia kuhusu bakuli?

Wataniambia tangi la namna hiyo ni ghali, na mtoto ameshalia. Kweli, kobe ni bei rahisi na makazi yake ni mara nyingi ya bei hiyo, na biashara nzima imesimama juu ya kumficha mzazi sehemu ya pili. Asiye na uwezo akatae, na hapo hatakuwa amemnyima mtoto wake kitu.

Ila aliye naye tayari asikate tamaa, kwani si lazima kioo. Kasha kubwa la plastiki la kuhifadhia nguo linamtosha mchanga, na maduka ya wakulima huuza hori za kunyweshea ng'ombe zenye ujazo wa mamia ya lita, kwa bei iliyo chini sana ya tangi la kioo la ukubwa huohuo. Fedha inayobaki iende kwenye chujio na taa. Na maji machafu, kwa kuwa yanaweza kubeba ile salmonela, yasimwagwe kwenye sinki la jikoni, hasa nyumba ikiwa na mtoto wa chini ya miaka 5.