Mdhulumiwa Si Malaika: Somo la Ayalandi



Katika insha za muhula huu, hoja moja imejirudia kama kibwagizo: kwamba ukoloni ni dhambi ya watu weupe juu ya watu weusi, na kwamba aliyeonja dhuluma hawezi kumwonjesha mwenziwe. Sarufi nimeipa alama zote. Hoja yenyewe naikataa, na shahidi wangu ni kisiwa cha Ayalandi.

Waayalandi wa karne ya 16 walikuwa weupe kama majirani zao Waingereza, na Wakristo kama wao. Hayo hayakuwaokoa. Mwaka 1569, Humphrey Gilbert alipotumwa kuzima uasi katika jimbo la Munster, aliamuru vichwa vya waliouawa vipangwe kandokando ya njia iendayo hemani kwake, ili kila ajaye kusalimu amri apite katikati ya nyuso za jamaa zake. Mwaka 1583 Gilbert huyohuyo alivuka bahari ya Atlantiki na kuitangaza Newfoundland kuwa mali ya malkia wake. Ndugu yake wa mama mmoja, Walter Raleigh, aliyegawiwa takriban ekari 40,000 za ardhi ya Munster, ndiye aliyegharimia makazi ya Waingereza huko Roanoke, Amerika, mwaka 1585. Je, hiyo ni sadfa? Sivyo. Ayalandi ilikuwa karakana: zana za himaya zilinolewa huko, kisha zikapakiwa melini.

Zitazame zana hizo. Ya kwanza ni neno. Kabla ya kumnyang'anya mtu shamba, mnyang'anye kwanza utu wake. Ndiyo maana Mwayalandi aliitwa mtu wa mwituni, asiye na adabu wala sheria. Mshairi Edmund Spenser, aliyeishi Kilcolman katika ardhi iliyotwaliwa kwa wenyeji, aliandika mnamo mwaka 1596 akitetea njaa kuwa silaha ya kuwatiisha watu hao. Usidhani basi kwamba kalamu nzuri ni dalili ya moyo mzuri.

Ya pili ni sheria. Sheria ya mwaka 1537 iliwataka Waayalandi waache lugha yao, mavazi yao, hata mtindo wao wa kufuga nywele. Ya tatu ni kamba ya kupimia ardhi. Mwaka 1607 machifu wakuu wa Ulster walikimbilia ng'ambo. Ardhi ikatwaliwa, wakaletwa walowezi kutoka Uingereza na Uskoti, na mji wa Derry, uliokabidhiwa matajiri wa London, ukabandikwa jina la Londonderry. Baada ya vita vya Oliver Cromwell, sheria ya mwaka 1652 iliruhusu utwaaji mkubwa zaidi, na William Petty akaipima nchi ili igawiwe askari na wakopeshaji. Mwaka 1641 Wakatoliki walimiliki takriban asilimia 60 ya ardhi ya Ayalandi; ilipofika mwaka 1703, ilibaki takriban asilimia 14.

Mpaka hapa moyo wako unawahurumia, nami nakuunga mkono. Lakini usifunge daftari, kwa maana simulizi haijaisha.

Vuka nami hadi visiwa vya Karibi. Katika karne ya 17 Waayalandi wengi walifika huko, baadhi yao wakisafirishwa kwa nguvu ili watumikie mikataba ya kazi mashambani. Waliteseka, lakini mkataba ulikuwa na mwisho. Utumwa wa Mwafrika ulirithiwa na mtoto tumboni. Katika kisiwa cha Montserrat, Waayalandi walikuwa wengi kati ya wakazi weupe, na baadhi yao wakawa wenye mashamba ya miwa na wenye watumwa. Tarehe 17 Machi 1768, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, Waafrika wa kisiwa hicho walipanga kujikomboa, wakitaraji kwamba mabwana wangekuwa katika ulevi wa sherehe. Siri ilivuja, viongozi wao wakauawa. Tafakari: sikukuu ya taifa lililoporwa ndiyo iliyochaguliwa na watumwa wa wana wa taifa hilo kuwa siku ya kukata minyororo.

Utaniambia kwamba hao walikuwa wachache, na kwamba mkulima fukara aliyebaki Ayalandi hakumiliki mtumwa. Ni kweli, wala sisemi hatia hurithiwa kwa damu. Sisemi pia kwamba rangi haikuwa na uzito. Ilitumiwa kuhalalisha utumwa, na jeraha lake halijapona. Ninalosema ni hili: dhuluma haina kabila. Mpe mtu yeyote ardhi ya mwenziwe, sheria ya kumlinda na neno la kumdharau mwenye ardhi, kisha ngoja uone.

Nasi tusijitoe. Lugha ninayokufundisha ina neno «mshenzi». Zamani za misafara ya pwani, neno hilo walipewa watu wa bara, yaani babu zetu wewe na mimi, na aliyeitwa hivyo alikuwa rahisi kufungwa kamba shingoni. Leo nasikia kijana wa mjini akimtupia neno hilo mkimbizi aliyevuka mpaka wetu jana, na wenzake wanacheka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: tuliochomwa na neno hili tunalirusha bila soni.

Basi ichukue insha yako, ufute ile sentensi. Mahali pake niandikie majibu ya maswali matatu: nani ameitwa mshenzi, ardhi yake iko mikononi mwa nani, nami nimesimama upande gani? Swali la tatu ndilo lenye alama nyingi.