Bunduki Si Raba Mpya

Wacha niseme mapema ili wa kunitusi wajipange: hizi video za bunduki mnazorushiana kila Januari, mimi nimechoka nazo.

Mwazijua. Ukumbi mkubwa, taa kali, jamaa mwenye ndevu na kofia anainua bunduki kama mtu anavyoinua mtoto siku ya akika. Anaigeuza huku na huku: tazama rangi, tazama ilivyo nyepesi, tazama hii triga. Ni mtindo ule ule wa kufungua boksi la raba mpya. Halafu klipu inatua kwenye grupu ya mtaa, na vijana wa Kibokoni, Kuze na Bondeni wanabishana hadi usiku ipi kali, kana kwamba kesho wanaenda kuichukua Marikiti.

Juzi nimekaa barazani, dogo mmoja wa kidato cha pili akanionyesha moja. Nikamuuliza, "Hii ya nini?" Akanijibu, "Ah, kaka, hii ya spoti tu. Si ya vita."

Spoti. Hilo neno ndilo lililonitoa usingizini.

Tuanze na kule klipu zinakotoka. Mengi ya hayo ni maonyesho ya biashara yanayoitwa SHOT Show. Yalianza 1979 mjini St. Louis, na siku hizi hufanyika Las Vegas kila Januari. Wenyewe ni NSSF, chama cha kampuni za bunduki za Marekani. Huingia watu zaidi ya 50,000, lakini si raia tu aliyejiamkia akaamua kwenda. Ni mahali pa watengenezaji, wenye maduka na waandishi wa habari za silaha. Kabla ya milango kufunguliwa kuna siku nzima ya kuwapeleka uwanja wa shabaha nje ya mji, wapewe bunduki mpya wazijaribu mbele ya kamera.

Sasa jiulize. Kama Mmarekani wa kawaida haruhusiwi mlangoni, mbona klipu imefika Ndia Kuu bila nauli? Kwa sababu hiyo si habari, ni tangazo. Na wewe unayelisambaza ni kijana wa kubandika mabango, tena wa bure. Hata soda hujanunuliwa.

Turudi kwa lile neno. Ile AR-15 mnayoipenda ilibuniwa na kampuni ya ArmaLite miaka ya 1950, na pacha wake wa jeshini ni M16, ile ya Vietnam. Mwaka 2009 hao hao NSSF wakaanza kuzipigia debe bunduki za aina hiyo kwa jina jipya: bunduki za kisasa za michezo. Chuma ni kile kile, kilichobadilika ni jina. Ni kama muuza samaki aliyeona papa wake hanunuliki, akaandika "nguru" kwenye kibao. Na nyinyi mmeshajipanga foleni na sahani.

Mwadhani natia chumvi? Januari 2022, kwenye maonyesho hayo hayo, kampuni moja ilizindua bunduki inayoitwa JR-15. Ni AR-15 iliyopunguzwa umbo ili imtoshe mtoto. Uzito wake haukufika kilo moja na nusu. Nembo zake zilikuwa mafuvu ya watoto, wa kiume na wa kike, yenye chuchu za plastiki mdomoni. Sijabuni hata neno moja hapo. Hiyo ndiyo spoti ya dogo wangu wa barazani.

Najua mtakachosema. "Kwani kulenga shabaha si mchezo wa Olimpiki?" Ni mchezo, tena umo tangu Olimpiki ya kwanza ya kisasa, 1896. Siupingi, na anayeufanya kwa leseni na nidhamu sina ugomvi naye. Lakini mwamkumbuka yule baba wa Uturuki, Yusuf Dikeç, Paris 2024? Miaka 51, fulana, miwani yake ya kawaida, mkono mmoja mfukoni. Dunia nzima ilimcheka kwa mapenzi, naye akaondoka na medali ya fedha pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Ile ilikuwa bastola ya hewa, inayorusha kidonge cha milimita 4.5 hadi shabaha iliyo mita 10. Duara la alama kumi lina upana wa milimita 11.5, yaani kama ukucha wako. Kinachohitajika pale ni pumzi, macho na miaka ya mazoezi.

Na mbona tulimpenda? Kwa sababu hakuwa amejipamba kwa vifaa. Kwenye klipu za Las Vegas mambo ni kinyume. Utamu wote umo kwenye kifaa, na binadamu ni kishikilio tu. Michezo hukwambia kafanye mazoezi. Tangazo hukwambia huna kitu mpaka ununue. Ukishindwa kutofautisha hayo mawili, ushauzwa.

Sasa njoo nyumbani, maana hapa ndipo panaponiuma.

Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyetoka urais wa Marekani mwezi mmoja tu nyuma, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Akakaribishwa chakula cha jioni Mombasa Club, ile ile iliyo karibu na Fort Jesus, kisha akapanda reli kwenda bara. Alikuja na Holland & Holland aliyozawadiwa na mashabiki wa Uingereza, na Winchester 1895 aliyoisifia kweli kweli. Kwa hesabu yake mwenyewe, baba na mwana waliua wanyama 512. Na kila hatua aliiandika kwa malipo kwenye jarida la Scribner's. Kwa lugha ya leo, yule mzee alikuwa anatengeneza kontenti. Wapagazi waliombebea mizigo walikuwa mamia. Nani anawataja?

Tangu enzi hizo neno letu, safari, neno tunalolitumia hata kwenda Likoni na kurudi, limegeuka lebo ya bunduki. Winchester wana Safari Express. Ruger nao wana modeli inayoitwa African. Kichekesho ni kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo mwaka 1977. Ukionekana Tsavo na hiyo Safari Express huitwi mwanaspoti, waitwa jangili. Yaani wanatuuzia jina letu wenyewe, kwa mchezo ambao kwetu ni jinai, na sisi twapiga laiki.

Na mji huu, wallahi, umeijua bunduki kutoka upande wa mdomo wake. Mwaka 1505 Wareno walikuja na mizinga wakauchoma. Kuanzia 1593 wakajenga ngome ya kutulindia wao, si sisi. Waomani wakaizingira tangu 1696 hadi 1698, na waliokufa mle ndani, kwa njaa na maradhi, walikuwa wengi. Pale pale Fort Jesus kuna mzinga wa manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyoishia kwenye delta ya Rufiji mwaka 1915. Twaupiga picha ya Idi na watoto wameukalia.

Kama hiyo ni historia ya vitabu, basi waulize wazazi wako kuhusu Likoni. Usiku wa Agosti 13, 1997, kituo cha polisi kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikaibwa. Katika wiki zilizofuata watu wapatao 100 waliuawa, na maelfu wakakimbia nyumba zao. Hiyo ni ng'ambo ya kivuko tu, dakika chache kwa feri. Hakuna aliyewahi kuniambia rangi ya zile bunduki, wala kama triga zilikuwa laini. Wanaosimulia hutaja majina ya watu.

Ndio maana nikiona kijana wa hapa anapiga video na kibiriti chenye umbo la bastola kiunoni, beti za kuogofya nyuma, sicheki. Sisemi bunduki za plastiki za watoto siku ya Idi. Zile Idi nne haifiki ushavunjika. Nasema wewe, mwenye ndevu zinazoota, unayetaka uonekane hatari. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inagusa hata bunduki bandia ikitumiwa kutenda kosa au kukataa kukamatwa. Na kabla ya sheria kuna usiku, kuna kichochoro cha giza, na kuna askari mwenye woga na bunduki ambayo si bandia. Hatakuuliza kama ni kibiriti. Tangazo la Las Vegas halitakuja matangani kwenu kueleza kwamba ulikuwa waiga spoti tu.

Wapo watakaosema nalia bure, kwamba kutazama si kununua. Sawa, hutanunua. Kenya bunduki haishikwi bila cheti, na pesa yenyewe huna. Lakini tangazo halihitaji ununue leo. Linahitaji uzoee. Lataka uione bunduki kila siku mpaka iwe kama simu au raba, kitu cha kutamani tu, ambacho hakikukumbushi mtu yeyote aliyelala chini. Ushazoea, kazi yao imekwisha. Anayekuja baada yao na kukuonyesha ya kweli, mtaani, atakukuta tayari wajua majina yote.

Yule dogo nilimwambia haya, kwa ufupi. Akanyamaza, akaniuliza, "Kwa hivyo nisitazame kabisa?" Nikamwambia tazama, una macho yako. Lakini kabla hujaituma kwa mwenzako, ondoa sauti, ondoa muziki, umfute yule jamaa wa ndevu. Kibaki kile kifaa peke yake mezani. Kisha niambie kilitengenezwa kifanye nini.

Hakunijibu. Aliifuta klipu? Sijui. Lakini hakunitumia.

Januari wataanza tena. Kwenye simu yangu, zitaishia hapo.