Watu watatu waliona

Barua ilitoka shuleni siku ya Ijumaa: binti wa kidato cha pili amekuwa mtoro wa vipindi, mzazi afike. Mama yake, jirani yangu, alinijia na barua ile mkononi akiwa amefura kwa hasira juu ya mwanawe. Tulipoketi tukaulizana taratibu, ilidhihiri kuwa kwa miezi miwili yeye mwenyewe alikuwa akimwona binti hali wala halali vyema. Ustadhi wa madrasa alikwishaona kuwa sauti yake haisikiki tena. Mwalimu wa darasa alimkuta akilia peke yake, akaandika “utovu wa nidhamu”. Kila mmoja alishika kipande chake, na hapana aliyemwendea mwenziwe.

Huko Kenya, shirika la Shamiri huwafunza vijana waliomaliza sekondari karibuni, nao huingia shuleni kuketi na makundi ya wanafunzi saa moja kwa juma, kwa majuma manne. Huzungumza juu ya shukrani, mambo mtu anayoyathamini, na uwezo wa mtu kubadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusu wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu wenye dalili za sonona au wasiwasi uliokithiri, ulionyesha kuwa waliopitia vikao hivyo walipata nafuu zaidi ya wenzao waliofunzwa mbinu za kujisomea tu.

Kinachonivutia si mafunzo yenyewe (shukrani twaifundisha madrasa kila siku), bali ni kwamba shule ilifungua lango. Mwanafunzi akapata mtu wa kuzungumza naye asiyemsahihishia mtihani wala kumshikia fimbo.

Kwetu lango hilo hufungwa kutoka pande zote mbili. Mwalimu huhofia kuambiwa amemwita mtoto wa watu mwendawazimu, kwani tukisikia maradhi ya akili twaiwaza Mirembe. Mzazi naye huhofia posa za kesho. Kisomo hufanywa usiku, jambo jema, lakini hospitali haiendwi.

Jumatatu mama alikwenda shuleni, safari hii pamoja na ustadhi. Waliomba mwalimu wa malezi awe ndiye binti atakayemwendea, na ruhusa ya kutoka mapema siku ya kumwona daktari. Binti mwenyewe alikuwa na ombi moja: asiitwe kwa jina mbele ya darasa. Ruhusa ilitolewa. Juu ya hilo ombi lake, mwalimu mkuu alisema atalitazama.