Imani ya mwandishi huonekana kwenye jina la jirani

KALAMU NA JIRANI
Na Masanja Shigela

Msomaji wa magazeti wa Kanda ya Ziwa ameizoea sentensi moja ya habari hadi haimshtui tena. Inasema bibi kizee anayedaiwa kuwa mchawi ameuawa kwa kukatwa mapanga na watu wasiojulikana. Tuisome polepole. Aliyeuawa kapewa tuhuma, aliyeua kapewa maficho. Neno "anayedaiwa" halisemi nani alidai, alidai lini, wala kama marehemu aliulizwa lolote akiwa hai. Macho mekundu yanayodhaniwa kuwa alama ya uchawi, yaliyowaponza wanawake wazee wengi wa Usukuma, ni kazi ya moshi wa kuni na samadi katika jiko lisilo na dirisha, moshi wa kuwapikia watoto na wajukuu miaka nenda rudi, lakini hilo haliandikwi. Haliulizwi pia shamba lake linabaki kwa nani, wakati kila mtu kijijini anajua kwamba tuhuma za uchawi mara nyingi huanzia mpakani mwa shamba. Sasa tuchukulie kwamba aliyeiandika sentensi hiyo ni Mkatoliki mzuri: kafunga ndoa kanisani, hakosi Misa ya Jumapili, anasoma masomo kigangoni, jumuiya ndogo ndogo inamtegemea. Imani yake iko wapi ndani ya sentensi hiyo?

Wengi wakiulizwa mwandishi Mkatoliki aiishi vipi imani yake watakutajia mada. Aandike habari za Kanisa, awatetee maaskofu, afunge makala kwa mstari wa Injili. Mimi nasema tuanze kuitafuta mahali pengine, katika namna anavyolibeba jina la mtu asiyeweza kumjibu. Sijalitunga hili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inaifafanua amri ya nane kwa upana ambao kila mtu wa kalamu angefaa kuusoma upya kila mwaka. Namba 2477 inataja makosa matatu dhidi ya jina jema la mtu: kumhukumu moyoni bila msingi wa kutosha, kuyafichua makosa yake kwa wasioyajua pasipo sababu ya haki, na kumsingizia. Hilo la katikati ndilo linalotugusa sana sisi wa magazetini, kwa sababu linahusu mambo ya kweli. Unaweza kuandika kweli tupu na bado ukawa umemwibia mtu heshima yake. Namba 2487 inakaza zaidi: aliyekosa dhidi ya ukweli anadaiwa malipizi, hata akishasamehewa. Kitubio hakifuti deni la jirani. Kwa mwandishi maana yake ni kwamba mtu aliyechafuliwa ukurasa wa kwanza hasafishwi kwa mistari miwili ya kuomba radhi ukurasa wa kumi na saba.

Ushahidi wangu mkubwa ni mtu wa Ukerewe, ng'ambo ya Ghuba ya Speke ukiwa umesimama Busega. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akasomeshwa na wamisionari, akapitia seminari ya Rubya na kujifunza Kilatini, kisha akaitumikia misheni kama katekista na mfasiri. Mwaka 1945 alimaliza kuandika riwaya kwa Kikerewe. Baadaye aliitia mwenyewe katika Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Alifariki mwaka uliofuata. Miaka thelathini na mitano alikaa na maandishi yake! Ungetazamia mtu wa namna hiyo aandike mahubiri, lakini katika riwaya ile hakuna padri wala ubatizo, kwa kuwa watu wake wanaishi kabla misheni haijafika. Kuna mume na mke wasio na mtoto. Wazazi wa mke wanamrudisha binti yao nyumbani kwa sababu ya maneno ya ndugu wa mume, na mume anakwenda ukweni kumwomba, anatozwa pombe ya ndizi, anakubali. Kitereza hapiti mbio hapo. Anakueleza pombe hiyo inavyotengenezwa hatua kwa hatua, mgeni anavyokaribishwa, mganga anavyotibu, na hamdhihaki mtu hata mmoja. Ndugu waliotaka Myombekere aoe mwingine nao wamepewa sauti yao kamili, ingawa mwandishi mwenyewe, ambaye watoto aliozaa na mkewe Anna walifariki wadogo, alikataa kuoa mke wa pili. Ndoa yake ilikuwa ya Kikatoliki. Uaminifu aliouishi akautambua pia kwa watu wasiowahi kulisikia jina la Kristo, akauandika bila kuwabatiza kwa nguvu. Sijui tendo la imani kubwa kuliko hilo katika fasihi ya nchi hii.

Yupo atakayesema hii ni njia ya kukwepa. Katika sura ya kumi ya Mathayo, Yesu anaonya juu ya kumkana mbele ya watu, na mwandishi anayejificha nyuma ya hadithi za kale atajibu nini? Pingamizi hili ni zito na silidharau. Kutangaza waziwazi kuna mahali pake. Mwalimu Nyerere hakuona haya kuiweka Injili katika tenzi, zikachapwa mwaka 1996, naye alikuwa amekwisha kuwa rais wa watu wa dini zote. Lakini anayetangaza bila kusikiliza hutangaza kwa hewa. Padre Donald Sybertz wa Shirika la Maryknoll alikaa miaka mingi Ndoleleji, katika jimbo la Shinyanga, akikusanya methali na hadithi za Wasukuma. Mwaka 1984 yeye na Padre Joseph Healey walitoa Kueneza Injili kwa Methali, na kitabu kile kinaanza na hekima ya wenyeji juu ya chakula na ndoa, mambo ambayo mzee wa Kisukuma alikuwa bingwa wake kabla ya wageni. Kumsikiliza mtu hadi umnukuu sawasawa ni kumkiri Kristo aliyesema kwamba lililotendwa kwa mdogo kabisa ametendewa yeye.

Mwingine atauliza Ukatoliki unaingiaje hapa, maana hata mhariri asiye na dini hudai ukweli na haki ya kujibu. Ni kweli, na namshukuru Mungu kwa wahariri hao. Tofauti huonekana gharama inapopanda. Maadili ya taaluma yanalindwa na baraza la habari, na baraza likiwa mbali, mwandishi wa wilayani anayelipwa kwa habari moja moja hubaki peke yake na bahasha mezani. Sitamhukumu mtu mwenye njaa. Nasema tu kwamba hapo ndipo anapohitaji kuamini kuwa yuko anayemwona. Titus Brandsma, Mkarmeli wa Uholanzi na mwanahabari, mwaka 1942 aliwazungukia wahariri wa magazeti ya Kikatoliki kuwaomba wasichapishe matangazo ya Wanazi. Alikamatwa Januari mwaka huohuo na kuuawa Dachau mwezi Julai. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu mwaka 2022. Aliyaendea mauti kwa sababu ya nafasi ya tangazo gazetini.

Nani atatuandikia Bukundi kwa moyo huo? Kata hiyo ya Meatu iko upande ambako Wasukuma, Wataturu na Wahadzabe hukutana, kila kundi na njia yake ya kupata riziki, na kila kundi na jina baya lililopewa na jirani. Mhadzabe akiingia gazetini ni mtu wa porini anayekula nyani. Mtaturu huingia siku ng'ombe wameibwa, hata kabla nyayo hazijafuatwa. Bibi wa Kisukuma huingia akiwa maiti. Hao watatu hawanunui gazeti, hawana wakili, na hakuna hata mmoja atakayepiga simu chumba cha habari kulalamika. Kwa hiyo mwandishi akikosea juu yao hakuna atakayemgundua ila dhamiri yake, na dhamiri hiyo ndiyo Kanisa limekaa miaka yote likiilea kwa katekisimu, kwa kitubio na kwa Ekaristi.

Ndugu yangu mwandishi wa Bariadi, wa Mwanhuzi, wa Maswa: habari ya bibi aliyeuawa ikikufikia wiki hii, kabla hujaandika "anayedaiwa" piga simu moja zaidi. Muulize mtoto wa marehemu nani alidai, na shamba limebaki kwa nani. Kisha, familia ikiridhia, liandike jina la mama huyo kamili, la ubatizo na la ukoo.