Jiko la Mama: Deseri ya machungwa na ndimu, bila furu, bila maziwa



Msichana mmoja wa kikundi cha vijana alinishika mkono tukitoka kanisani, akaniuliza: "Mama Mapasa, kwetu furu hatuna, umeme unakuja usiku wakati watu wamelala. Wageni wakifika, deseri tutafanya na nini?" Nikamwambia angojee gazeti. Basi binti, soma hapa, na kalamu uwe nayo karibu.

Deseri ninayoandika leo haiingii ndani ya furu. Haina maziwa, haina mayai, haina siagi, haina kitu chochote kinachotoka kwa nyama. Inataka mbabula moja, makala kidogo, machungwa, ndimu, karanga na pakiti ya maizena. Lakini kwanza niwaambie namna ilivyoingia nyumbani mwangu, sababu haikuingia kwa uzuri.

Mwaka 2012 mapasa wangu walipokea komunyo ya kwanza siku moja, hapa Likasi. Yule mkubwa anakula kila kitu. Yule mdogo, tangu alipoacha kunyonya, maziwa yanamsumbua. Akinywa kikombe kimoja tumbo linajaa upepo, linalia, kisha anakimbia chooni. Shangazi mmoja alikuwa amekwisha kuanza kunong'ona maneno ya uchawi, kwamba pasa mmoja anakula nguvu za mwenzake. Nilimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya. Muuguzi akanifasiria kwamba hakuna uchawi hapo. Katika Afrika watu wengi wako hivyo: wakipita umri wa kunyonya, tumbo linapunguza kutengeneza kile kinachoyeyusha sukari ya maziwa. Unaacha maziwa, unampa vingine. Ba mama, nawaomba, kabla ya kusikiliza maneno ya watu juu ya mtoto wenu, pitieni kwanza kwa muganga wa hospitali.

Lakini mtoto ni mtoto. Kila sikukuu ilipofika, wenzake wanapewa keki na krimu, yeye anakaa pembeni na ndizi yake mkononi. Majuma mawili kabla ya komunyo akaniuliza: "Mama, siku yangu, mi nitakula nini?" Neno lile lilinichoma. Nikajibu haraka kwamba atakula deseri moja na ndugu yake, sahani moja, kijiko kimoja. Na mimi deseri ya namna ile sikuijua hata kidogo.

Usiku wa kuamkia sikukuu nikafanya kwa akili yangu. Nikakamua ndimu, nikachanganya na maizena na sukari na maji, yote pamoja, nikaweka juu ya moto mkali. Ilianza kuwa nzito, nikafurahi. Nikaacha ichemke zaidi ili ishikamane vizuri. Kadiri ilivyochemka, ndivyo ilivyorudi kuwa maji. Nikaongeza moto, na ni kama nilikuwa namwaga mafuta juu ya makosa. Asubuhi saa kumi na moja jirani akachungulia: "Mama Mapasa, iko nini humu? Ni supu?"

Aliyeniokoa ni mzee wa nyumba ya tatu, aliyefanya kazi ya upishi miaka mingi kwa wazungu. Aliguza ile supu kwa ulimi, akacheka, akaniambia: "Mwanangu, umetia ukali mbele. Ukali unakuja nyuma." Tukafanya tena asubuhi ile, naye amekaa juu ya kiti akinitolea amri kama kapita.

Maana yake ni hii. Maizena ni punje ndogo sana. Ndani ya maji ya moto zinavimba, zinashikana, na maji yanafungwa katikati yao. Ukali wa ndimu, ukichemshwa pamoja nazo wakati mrefu, unazikatakata, na maji yanafunguka tena. Kwa hiyo sherti upike maizena na maji na sukari kwanza, utoe juu ya moto, kisha ndipo utie maji ya matunda. Kuna faida ya pili: vitamini C ya machungwa inaharibika kwa moto mrefu. Ukiitia mwishoni, nyingi inabaki. Tena vitamini hii inasaidia mwili kuchukua chuma kilicho ndani ya mboga na maharagwe. Wasichana wetu na ba mama wenye mimba, ambao damu inawapungukia mara nyingi, wakila deseri hii nyuma ya bukari na lengalenga ao maharagwe, wamefanya vema mara mbili.

Sasa tuingie jikoni. Kipimo changu ni kikombe cha robo litri na kijiko cha supu, kijiko cha kusawazisha, si cha kulundika. Inatosha watu wanane.

Anza na sehemu ya chini. Chukua vikombe viwili vya karanga, uzichague moja moja. Yenye ukungu, iliyonyauka ao yenye uchungu, tupa, usimpe hata kuku: sumu ya ukungu ule haitoki kwa kukaanga. Kaanga zile nzuri, ondoa maganda, twanga ndani ya kinu. Ongeza kikombe kimoja cha mkate uliokauka, nao uliotwangwa. Mkate wa kawaida wa unga, maji, chachu na chumvi unafaa. Kama unapika kwa ajili ya mtu asiyeweza maziwa, muulize muuzaji, sababu wengine wanatia maziwa. Tia vijiko vitatu vya sukari na chumvi ya kushika na vidole viwili. Endelea kutwanga mpaka mafuta ya karanga yaanze kutoka, halafu nyunyiza vijiko viwili ao vitatu vya maji ya chungwa. Ukifinya mkononi ikibaki na alama ya vidole, imetosha. Itandaze ndani ya bakuli ya bilauri ao ya emaye, ukandamize kwa nyuma ya kijiko.

Kisha matunda. Unahitaji kikombe kimoja cha maji ya matunda: robo tatu iwe ya machungwa, robo moja ya ndimu. Machungwa ya kwetu mara nyingi yanabaki na ganda la majani mabichi hata yakiiva, usiyakatae sokoni kwa sababu hiyo. Pima uzito wake mkononi: lililo zito lina maji. Chuja mbegu zote, sababu zinaleta uchungu.

Ganda nalo lina kazi, harufu yote iko humo. Kwangua ganda la chungwa moja na la ndimu moja, ile ngozi ya juu tu, ukifikia nyeupe simama. Asiye na rape atoboe kopo safi la sardini kwa msumari. Wengi wetu tumekua na chombo kile.

Lakini hapa nasimama kidogo, sababu tunaishi katika inchi ya migodi. Mti wa ndimu ulio kando ya barabara ambako malori ya madini yanapita, majani yake ni mekundu ya vumbi, na tunda lake vilevile. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi pamoja na wale wa Leuven, Ubelgiji, waliandika kwamba wakaaji wa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini huku Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana katika mkojo wao. Vumbi ni njia mojawapo inapoingilia. Basi tunda utakalokwangua ganda lake, lisugue kwa maji ya vuguvugu na kitambaa, mara mbili, kabla ya kulikata. Lile lililookotwa karibu na kiwanda, kamua ndani yake tu, na ganda tupa. Yale machungwa yanayoingia kwa Kasumbalesa kutoka kusini nayo usugue, mara nyingi yanapakwa nta ili yang'ae.

Na chombo je? Ile supu yangu ya kwanza ilikuwa na ladha ya chuma, mzee akajua mara moja. Niliipika ndani ya sufuria ile inayotengenezwa na mafundi wetu kwa vyuma vya zamani vilivyoyeyushwa. Siwakatazi kazi yao, ni riziki ya jamaa nyingi, na kwa kuchemsha maji ya bukari sote tunazo. Ila ukali na chuma havipatani. Mwaka 2014 watafiti walichapisha vipimo vya sufuria za namna hiyo kutoka Kameruni: walichemsha ndani yake maji yaliyotiwa ukali kama wa siki, na wakakuta risasi, madini yale yale ya batri za gari. Risasi inaharibu akili za watoto wadogo, na haina harufu wala ladha ya kukuonya. Shaba nayo, ambayo sisi wa huku tunaipenda na kuiweka kabatini kwa urembo, usikamulie ndimu ndani ya kikombe chake: ukali unaila na inaingia katika kinywaji, unaweza kutapika. Tumia emaye isiyopasuka, bilauri, ao inoksi. Kama sufuria yako nzuri ni moja tu, basi ndiyo siku yake.

Tuendelee. Ndani ya sufuria hiyo, vijiko tisa vya maizena na vijiko vinane vya sukari. Mimina vikombe viwili vya maji baridi, kidogo kidogo, ukikoroga mpaka mabonge yaishe. Maji ya moto usithubutu, yatafanya mabonge ambayo hata Solomoni hawezi kuyatatua. Peleka kwenye mbabula, makala yawe ya wastani. Koroga na mwiko wa mti bila kusimama, ukifikia pembeni na chini. Simu ikilia, iache ilie. Kwanza ni nyeupe kama maji ya muhogo, halafu kwa ghafula inakuwa nzito na inaanza kung'aa. Ikianza kutoa mapovu makubwa, puf, puf, hesabu polepole mpaka mia, ukikoroga. Ondoa motoni.

Itakuwa nzito kupita kiasi, mwiko unasimama. Usiogope. Sasa tia ganda uliyokwangua na maji ya matunda, kwa mara nne, kila mara ukikoroga mpaka yameingia yote. Maji ya matunda yasiwe ya baridi ya frigo. Onja: ukali wa kila ndimu ni tofauti, ongeza sukari kijiko kimoja kama uso unakunjamana. Mimina juu ya karanga ingali moto, tingisha bakuli kidogo ili isawazike, na kisha hapo usiiguse tena. Ukikoroga wakati imeanza kushika, unaivunja.

Frigo si lazima. Weka bakuli ndani ya karai ya maji baridi, funika na kitambaa safi, saa tatu ao nne. Mwezi wa sita na wa saba, wakati machungwa yako mengi na usiku wa huku kwetu unatetemesha watu, acha tu pahali penye baridi, pasipo mende wala paka, asubuhi utaikuta imeshika. Wakati wa joto fanya asubuhi mapema, na iliwe siku ile ile. Isilale siku ya pili nje ya frigo.

Wengine wataniuliza juu ya unga wa muhogo badala ya maizena. Nilijaribu. Inashika, ndiyo, lakini inavutika kama gundi, na kama muhogo ulilowekwa, harufu yake inapigana na chungwa. Unga wa mahindi wa bukari usijaribu kabisa, utapata uji wa ndimu. Mandarini zinafaa vizuri, ila ni tamu, ongeza ndimu. Na kwa siku za kufunga, kwa wale wanaoacha nyama na maziwa, hakuna kitu cha kubadilisha.

Siku ile ya 2012 tulikata bakuli saa nane, wageni wamejaa uwanjani. Nilikata kipande cha kwanza, nikakiweka kati ya mapasa wawili, sahani moja, kijiko kimoja, kama nilivyoahidi. Walipigana juu ya kijiko. Yule mkubwa akalia kwamba ndugu yake amekula sehemu kubwa. Mzee wa nyumba ya tatu akaomba kipande cha pili, akasema ingekuwa nzuri zaidi kama ningesikiliza amri zake zote.

Yule mdogo sasa anasoma Lubumbashi, anapanga chumba na wenzake watatu, mbabula moja kwa wote wanne. Mwezi jana alinitumia neno kwa simu usiku: "Mama, maizena ni vijiko vinane ao tisa?" Tisa, mwanangu. Vya kusawazisha.