Uti Ukivunjika, Utu Haujavunjika



Kijana akianguka kutoka juu ya mnazi, au akigongwa akiwa juu ya bodaboda, na uti wa mgongo ukavunjika, wiki za kwanza nyumba hujaa watu. Wanajumuiya huleta sala, uji na michango. Mwezi wa tatu wageni hupungua. Mwaka wa pili hubaki mama yake tu.

Tukiri kosa letu. Tumeendelea kumhesabu kuwa mgonjwa, kumbe ni mtu mwenye ulemavu anayetafuta namna ya kuishi. Anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili, asije akapata vidonda vya kulalia, ambavyo huweza kuua. Anahitaji kiti cha magurudumu, na njia ya kukipitisha. Zaidi ya hayo, anahitaji kuulizwa: "Sasa ungependa kufanya kazi gani?"

Mwaka 1521, huko Pamplona, askari aitwaye Inyasi wa Loyola alivunjwa mguu kwa mzinga, akabaki akichechemea. Ndoto yake ya ushujaa wa vita ilikoma. Lakini kitandani alipata shabaha nyingine, na mwaka 1540 Papa Paulo III aliidhinisha Shirika la Yesu aliloliasisi. Hatusemi kwamba kuumia ni heri. Twasema kwamba wito haukomi pale nguvu za miguu zinapokoma.

Wala kazi si hisani. Hapa Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo zinapaswa kutenga asilimia 2 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi vyao. Je, shule na zahanati zetu zimetimiza sheria hiyo? Na mlango wa kanisa letu una ngazi ngapi?

Tunawaomba viongozi wa walei wafanye mambo matatu: kuwatembelea ndugu hawa majumbani na kuwasikiliza, kujenga mteremko kanisani kabla ya kununua vipaza sauti vipya, na kuwaingiza wao wenyewe katika kamati, wasizungumziwe na wengine.

Huruma isiyompa mtu nafasi humfungia ndani. Haki humfungulia mlango.